Kikohozi kinachoanza kwenye benchi la kahawa

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 46, ni mwalimu hapa Tabora mjini. Tangu mwezi wa tano tunaendesha baiskeli kila Jumapili asubuhi, tuko sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Hatushindani, tunakwenda taratibu tukipiga soga. Tunatoka saa 12:30, tunafika Kwihara, tunazunguka njia za vumbi, na tukirudi tunakaa kijiwe cha kahawa karibu na soko. Shida yangu ni hii: njiani niko mzima kabisa, ila tukishakaa kama dakika tano, kikombe cha kwanza mkononi, naanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifua kinabana kidogo, halafu natetemeka kwa baridi wakati wenzangu wanavua masweta. Baada ya nusu saa au saa moja kinaisha chenyewe. Siku za kazi sikohoi. Mama anasema baridi imeniingia kifuani, nitashikwa na kichomi. Rafiki mmoja anasema kahawa ndiyo inanikausha koo. Mwingine ana pumu. Jumapili iliyopita alinipa inhela yake, nikavuta mara mbili, nikapata nafuu haraka. Je, niache baiskeli mpaka kipupwe kiishe? Ninunue inhela yangu? Natumia enalapril ya presha tangu mwaka jana."*

Marahaba, mwalimu. Umenirahisishia kazi kwa kuandika muda. Wengi huja wakasema "nakohoa, daktari," basi, wakanyamaza. Wewe umeeleza kikohozi kinaanza lini, kinakaa kwa muda gani na siku zipi hakipo. Kwenye magonjwa ya kifua, maelezo ya namna hiyo mara nyingi yananisaidia kuliko picha ya eksirei.

Naona hofu yako ni kwamba baridi ya asubuhi inakuharibu mapafu, na kwamba starehe yako ya Jumapili itabidi uiache. Nitangulize majibu ndipo nieleze: baiskeli endelea nayo, inhela usinunue kwanza, na kabla mwezi huu haujaisha nenda ukapimwe kifua na moyo.

Tuanze na hewa mnayoivuta. Tabora iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mvua hakuna. Usiku mbingu ziko wazi, ardhi inapoteza joto lake, alfajiri kipimajoto kinasoma nyuzi 15 au chini yake. Tena sisi tuko magharibi ya nchi huku tukitumia saa moja na watu wa Dar es Salaam, kwa hiyo Julai jua linatuchomozea karibu saa 1 kamili. Mnapotoka saa 12:30 mnatoka kabla ya jua, katika ubaridi mkali kuliko wote wa siku, na hewa ni kavu.

Hewa hiyo haiwezi kuingia mapafuni ilivyo. Kabla haijafika ndani kabisa ni lazima ipate joto la mwili, nyuzi 37, na ishibe mvuke. Hewa ya nyuzi 15, hata ikishiba mvuke, hubeba gramu 13 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 37 hubeba gramu 44. Maji ya kujazia pengo hilo yanatoka kwenye utando laini wa pua, koo na mirija ya hewa. Ukiwa umekaa darasani unavuta lita sita hadi nane kwa dakika, na pua inaimudu kazi hiyo bila wewe kujua. Ukiwa juu ya baiskeli, hata kwa mwendo wa soga, unafika lita 30. Halafu unakutana na ule mchanga wetu wa Tabora: tairi la mbele linayumba, unasimama juu ya pedali, unakanyaga kwa nguvu zako zote ili usishuke. Hapo unapita lita 40, mdomo unafunguka wenyewe, na hewa kavu inashuka moja kwa moja hadi kwenye mirija ambayo kwa kawaida huipokea ikiwa imeshaandaliwa na pua.

Utando wa mirija ukipoteza maji, umajimaji unaobaki juu yake unazidi chumvi. Seli za kinga zinazokaa pale zinachokozeka, zinamwaga kemikali, histamini ikiwa mojawapo, na misuli myembamba inayoizunguka mirija inajikaza. Kwa watu wengi jambo hilo ni dogo mno, hawalihisi. Kwa mwenye mirija myepesi kuchokozeka, njia ya hewa inapungua upana, anakohoa na kifua kinabana. Baadhi ya watu hao wana pumu ambayo haijawahi kutambuliwa, na baadhi hawana pumu kabisa. Mirija yao hubana wakifanya mazoezi tu.

Utauliza, mbona basi isibane njiani, kwenye mchanga wenyewe? Kwa sababu ukiwa bado unakanyaga, pumzi nzito zinaivuta mirija ikae wazi, na homoni ya adrenalini inasaidia. Ukishuka na kukaa, misaada hiyo inaondoka wakati kemikali bado zipo. Mirija hubana zaidi dakika tano hadi kumi baada ya kusimama, kisha hujifungua polepole ndani ya nusu saa au saa moja. Sasa rudia kusoma ulichoniandikia: dakika tano, kikombe cha kwanza, saa moja kinaisha. Sijakupima, kwa hiyo siwezi kukuwekea muhuri, lakini maelezo yako yanafuata mkondo huo hatua kwa hatua.

Ukavu wa hewa ndio wenye lawama kubwa, baridi ina sehemu yake ndogo. Ndiyo maana kuogelea, ambako unavuta hewa yenye unyevu juu ya maji, huwasumbua kwa nadra watu wenye tatizo hili. Ongeza na vumbi, maana ukiwa wa nne kwenye mstari unakula vumbi la watatu. Na moshi: asubuhi ya kipupwe hewa baridi hulala chini na hewa ya vuguvugu inaifunika kwa juu, hivyo moshi wa majiko na wa takataka zinazochomwa unabaki umetanda usawa wa pua zenu mpaka jua lipande. Kuanzia Julai kuna na mioto ya porini.

Sasa kichomi. Mama tumheshimu, ameona kipupwe vingi kuliko sisi, lakini nimonia inaletwa na vimelea, bakteria au virusi, na hewa baridi peke yake haiumbi kimelea. Mnaenda Kwihara kila Jumapili, kwenye tembe, ile nyumba ya udongo ya paa bapa, alilokaa Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, mwaka 1872 akisubiri wapagazi kuanzia Machi hadi Agosti, kipupwe chote. Kichomi kilichokaribia kumuua kilimpata miaka mitatu nyuma, Januari 1869, njiani kuelekea Ujiji, katikati ya msimu wa mvua. Mtu mwenye nimonia ana homa, anatoa makohozi, anachomwa ubavuni kila akivuta pumzi, amelegea, na wala haiishi baada ya saa moja akaenda zake sokoni. Hiyo siyo picha uliyonichorea.

Hata hivyo, mama ana haki kwenye jambo moja: kule kutetemeka. Unapoendesha baiskeli, karibu robo tu ya nguvu inayotumiwa na misuli ndiyo inayosukuma pedali. Iliyobaki yote inageuka joto, na mwili unalitoa kwa jasho. Lita moja ya jasho likikauka huondoka na kilokalori 580 hivi za joto. Njiani hiyo ni faida. Ukikaa kwenye benchi, misuli inaacha kutengeneza joto ndani ya dakika chache, lakini fulana iliyolowa mgongoni inaendelea kukupoza kama mtungi wa udongo unavyopoza maji. Pitisha mkono chini ya sweta Jumapili ijayo mkishafika. Nadhani utakuta kiraka chenye ubaridi katikati ya mabega, mahali mkoba ulipokaa kama unabeba mkoba.

Nahisi pia unavaa sana. Wanaopigwa na baridi kijiweni mara nyingi ndio waliotoka nyumbani wamejifunika kuliko wote: sweta zito, juu yake koti la plastiki, wakafika Kwihara wamelowa chapachapa. Toka nyumbani ukihisi baridi kidogo. Baada ya dakika kumi za kukanyaga itaondoka. Vaa nguo mbili nyepesi, moja uweze kuivua njiani. Fulana ya pamba inashika maji kwa muda mrefu, jezi ya mpira wa miguu ya mtumba inakauka upesi zaidi. Na kitu kimoja nakisisitiza kuliko vyote: funga fulana kavu kwenye mfuko wa nailoni, ibane kwenye keria, na ukifika ibadili kabla ya kushika kikombe. Mwanamke atatafuta pa kujisitiri, najua, lakini hata khanga kavu iliyopita kifuani na mgongoni, chini ya sweta, inasaidia. Waendesha baiskeli wa zamani wa Ulaya walikuwa wakiingiza gazeti ndani ya jezi kabla ya kuteremka milimani, karatasi ikazuia upepo na kunyonya jasho. Magazeti ya jana hayakosekani sokoni. Halafu kaeni juani. Miembe yetu ni mizuri mchana wa Oktoba, lakini saa 3 asubuhi ya Julai kivuli chake kinazizima.

Kahawa naifutia mashtaka. Kafeini ni ndugu wa theofilini, dawa ya zamani ya pumu, na yenyewe hulegeza mirija ya hewa kidogo kwa saa kadhaa. Huenda vile vikombe viwili vitatu vidogo vinakupunguzia kikohozi, siyo kukuletea. Kwamba inakausha mwili nalo ni jambo lililokuzwa mno: kwa kiasi hicho, maji unayokunywa ndani ya kahawa yanatosha kufidia unayoyatoa chooni. Inapandisha presha kidogo kwa muda mfupi. Kwa mtu ambaye presha yake imetulia na dawa, siioni kuwa sababu ya kukuondoa kijiweni. Kama una kiungulia, hapo ni habari nyingine, maana asidi inayopanda kooni nayo inakohoza, na kahawa chungu kwenye tumbo tupu huichochea. Angalia pia kashata. Punje za karanga na sukari zikiingia kwenye koo lililokwisha kauka zinakwaruza, na nimewahi kuona watu wanaoilaumu kahawa wakapona kwa kuanza na maji kabla ya kugusa kashata.

Tuje kwenye inhela ya rafiki yako. Nafuu uliyoipata ni dalili nzuri kwa mchunguzi, na nataka umweleze daktari atakayekuona. Lakini isikutoshe kama jibu. Kwanza, kikohozi chako huisha chenyewe; usingeivuta, huenda muda si mrefu ungepona vilevile. Pili, ile ya bluu, salbutamol, inafungua mirija kwa saa chache na haigusi uvimbe ulio ndani. Kama kumbe una pumu, kuitegemea hiyo peke yake ni hatari: tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi mtu mzima atibiwe kwa salbutamol pekee, unataka apate na dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe. Tatu, inaukimbiza moyo, na wewe una presha, tena moyo wako hatujaupima. Mdomo wa inhela nao haubadilishanwi, kwa sababu zilezile za mswaki. Rafiki yako alifanya kwa upendo, mshukuru, na mwambie wewe utakwenda kupimwa. Ikithibitika ni mirija tu inayobana kwa mazoezi, daktari anaweza kukuandikia dawa ya kuvuta robo saa kabla ya kutoka, na akuonyeshe namna ya kuivuta, maana watu wengi huipulizia kwenye ulimi ikaishia tumboni.

Enalapril nayo lazima niitaje. Dawa za kundi lake, pamoja na captopril, huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu, hata baada ya miezi mingi ya kuzitumia bila shida. Ila kikohozi cha enalapril hakichagui Jumapili. Kingekusumbua darasani na kitandani pia. Kwako naiweka nyuma, lakini mtajie daktari. Usiiache kwa uamuzi wako, tafadhali, presha ikipanda itakuletea makubwa kuliko kikohozi.

Wakati unasubiri kupimwa, Jumapili iendeshe hivi. Usianze kwa kasi. Dakika kumi hadi kumi na tano za mwanzo nenda polepole sana, ukiingiza humo vipande vifupi vya kukanyaga kwa nguvu kidogo, nusu dakika kila kimoja, kisha unatulia. Karibu nusu ya watu wenye mirija ya namna hii wakipasha mwili hivyo hupata kinga ya saa moja hadi tatu, mirija ikakataa kubana tena kwa ukali uleule. Wengine hawaipati, na huwezi kujua uko kundi gani mpaka ujaribu. Funika pua na mdomo kwa khanga nyepesi, skafu au barakoa. Mvuke wa pumzi inayotoka unashikwa na kitambaa, pumzi inayoingia inaupokea, na vumbi linabaki nje. Utajisikia umezibwa dakika za mwanzo, halafu unazoea. Mchanga ukiwa mwingi shuka usukume. Hakuna anayekupa medali. Kipimo cha mwendo ni soga lenyewe: ukiweza kusimulia kisa kizima bila kukatiza sentensi uko salama, ukianza kujibu "ndiyo" na "hapana" tu, umezidisha. Na mkikaribia mjini, kilomita moja ya mwisho iwe ya kujivuta, mwili ushuke taratibu kabla ya kuketi.

Kuhusu saa ya kutoka, ningependa mchelewe mpaka saa 2. Hewa inakuwa imepata joto, moshi umeanza kupanda, na barabara mnaiona, jambo ambalo saa 12:30 silipendi hata kwa mwenye kifua kizima. Lakini naelewa Jumapili ina ibada, jua la saa 5 nalo ni kali, na kijiwe kizuri hujaa mapema. Mkikubaliana saa 1:15 mtakuwa mmepata sehemu kubwa ya faida hiyo. Kuacha kabisa mpaka Septemba ni njia nayo, na itakunyamazishia kikohozi, ila utapoteza zoezi linalokusaidia presha, na mwakani kipupwe kitarudi na swali lilelile halijajibiwa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nimekwambia mirija hubana baada ya kusimama. Kama kifua kikikubana *wakati* unakanyaga, kwenye kilima au mchanga, kikaachia ukipumzika, hiyo ni tabia ya moyo, hasa mtu wa miaka 46 mwenye presha. Usisubiri miadi. Vivyo hivyo maumivu yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya, kijasho chembamba cha baridi, au kuzimia. Nenda hospitali siku hiyohiyo pia ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi au midomo ikibadilika rangi. Damu kwenye makohozi, homa, kuamka usiku kifua kikipiga mluzi, kupungua uzito, hayo yote yanahitaji daktari ndani ya siku chache. Na kikohozi cha kila siku kikifikisha wiki mbili, chochote unachokidhania, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo na matibabu ni bure katika vituo vya serikali.

Kwa hiki chako cha Jumapili, fika Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, siku utakayokuwa na nafasi. Uliza kipimo cha kupuliza, kile cha kupima nguvu na kiasi cha pumzi, na kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Asubuhi hiyo usinywe kahawa wala usivute inhela ya mtu, vyote viwili vinaweza kuficha tatizo. Moyo ukionekana hauna shida, mwombe akupime pumzi umetulia, kisha ukimbie au upande ngazi kwa dakika sita hadi nane, akupime tena mara kadhaa ndani ya nusu saa. Pumzi ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi, jibu limepatikana. Ikiwa siku hiyo kifaa hakipo, mwombe asikilize kifua kabla na baada, na umwonyeshe maelezo haya uliyoniandikia mimi, yalivyo, na dakika zake.